Tupeane uzoefu: siku kidogo za kupumzika mu muji mukubwa wakati ya baridi, mulifanya namna gani?

Mwana_Bel_Air

Bandugu, jambo yenu. Najua apa kuko bantu balitembea, njo maana naleta swali. Bibi yangu eko na formasio mu Bruxelles, inaisha katikati ya mwezi ya 12, na miye niko na konji, tukasema nimukute kule tuikale siku tano shiye bawili tu, kisha turudi pamoja mbele ya Noeli juu batoto beko na nkambo yabo. Viza iko, tike iko. Shida ni kama shiye bawili hatuyue kupumzika. Mwaka ilipita tulienda Lusaka siku tatu, nikafanya programu ya kila saa, mu karatasi kabisa, tukarudi tumechoka kupita bale balibaki ku kazi. Bibi asema hii mara programu hakuna. Sasa bila programu na miye naogopa, tutaikala mu chumba tunaangaliana, na inje kuko baridi.

Kila mumoja alete yake. Haiko lazima ikuwe Bruxelles, ata Joburg mwezi ya 7, ata muji gani, tu ikuwe wakati ya baridi na siku kidogo. Mulilala wapi, mulivaa nini, nini ilibauma roho nyuma.

Na swali ya pili, yenye inanisumbua usiku: niko na baba mudogo kule Anderlecht. Lazima nimwambie kama tunakuya?

Mama_wa_Kisanga

Kaka, nitaanza na hii ya pili juu mule njo mambo yote iko.

Miye nilienda Bruxelles mara mbili na zile safari mbili hazifanane ata kidogo. Ya kwanza ilikuwa 2017, mwezi ya 12, siku sita. Nilifanya kosa ya kutangaza. Nilisema ku kanisa, nilisema mu famili, wiki moja mbele ya safari nyumba yangu ikakuwa sawa posta. Huyu analeta ndakala ya mutoto wake wa Liège, ule analeta sombe ya kukausha, mwengine tshikanda imefungwa mu aliminium, mwengine bahasha, asema ni karatasi tu, kumbe iko kilo moja na nusu. Valizi mbili za kilo 23, na bintu byangu mwenyewe labda kilo tano. Nilitoa pulovere mbili juu nafasi ilikosa. Fikiria muntu anatoa pulovere anaweka ndakala, na kwenye anaenda ni mu baridi.

Kufika, ku duane bakanisimamisha. Mujue hii bandugu: nyama na maziwa na bintu bya maziwa kutoka inchi zetu kule habipite, ata kipande. Samaki banaacha, mupaka kilo 20. Majani na matunda tangu mwisho ya 2019 banaomba karatasi ya kuonyesha haina magonjwa ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na ile tunda ya kunuka ya Asia. Mama mumoja alikuwa aliniwekea nyama ya kukausha katikati ya sombe bila kunisema. Balitoa yote mbele ya bantu, miye nasimama pale sawa mwizi, sijue ata nieleze nini.

Kisha njo konji ikaanza sasa, konji ya kuleta mizigo. Liège, Charleroi, Anderlecht, Molenbeek, treni na valizi, metro na valizi. Kila nyumba banakupikia bukari na huwezi kukataa, siku moja nilikula bukari mara tatu na ile ya tatu nilikula machozi inanitoka. Grand-Place niliiona dakika 20, usiku, valizi mukononi. Nilirudi Lubumbashi nikalala siku mbili.

Mara ya pili ilikuwa 2022. Nilimwambia dada yangu mukubwa peke na nikamwapisha. Tulipanga kachumba kadogo upande ya Sainte-Catherine miye na bwana yangu, hapo unafika pote na miguu. Na nikajifunza kitu yenye mara ya kwanza sikuelewa: jua ya kule. Mwezi ya 12 inatoka karibu 8h40 na inaenda karibu 16h40. Saa nane ya mwangaza, basi. Shiye apa ule mwezi tuko na karibu 13. Kama unataka kukimbizana na ile jua itakushinda, heri uifuate. Tulikuwa tunalala mupaka 9h, tunakunywa chai pole pole, tunatoka 10h, kitu MOJA tunafanya, na ikifika 16h tunaingia pahali kuko moto na shokola ya moto tunaangalia bantu banapita. Kitu moja ku siku. Bwana yangu alisema ni kidogo, siku ya pili akaacha kusema.

Siku moja ilikuwa Tervuren. Unatwaa tramu 44 ku Montgomery, inapita mu pori ya miti mirefu haina ata jani moja, ile njia peke yake inatosha safari. Kule njo kuko ile muze kubwa ya bintu byetu, ilifungwa miaka tano balikuwa banaitengeneza, bakafungua tena mwezi ya 12 ya 2018. Lundi inafungwa, mufanye angalisho. Lakini mbele ya muze nendeni ku kanisa ya pale. Inje, ku ukuta, kuko kaburi saba. Ni Bakongomani. 1897 Léopold II, mufalme ya Belgique, alileta bantu 267 kutoka kwetu, akabaikalisha mu vijiji vya kutengeneza pale Tervuren ili bazungu bakuye kubaangalia, na saba bakafa. Nilikuwa na miaka 44 na sikuyua hii mambo. Tulisimama pale muda murefu, bwana yangu akatoa kofia na ile baridi yote.

Ile siku hatukufanya kitu ingine. Tulirudi na tramu tu.

Soko ya Noeli inaanza upande ya Bourse inaenda mupaka Sainte-Catherine, kuingia haulipe, lakini siku ya posho na siku ya mungu ni kusukumana. Nendeni siku ya kazi mangaribi. Banauzisha konokono ya bahari mu supu ya moto, bwana yangu alikula mbili zake na moja yangu.

Kwa hiyo baba mudogo: usimwambie.

Petit_Vieux_Katuba

Mama wa Kisanga nakueshimu sana lakini hii ya kuficha haiko ya kwetu. Unafika mu muji ya baba mudogo yako, unalala otele, unarudi na kimya? Siku yeye atafika ku airport ya kwetu ya Luano utamupokea na sura gani?

Na haiko maneno ya eshima tu. Miye nilienda Joburg 2014, nikasema leo siambie muntu, napumzika. Binamu yangu eko Yeoville, sikumupigia. Usiku ya pili homa ikanikamata, nikajua ni malaria niliyotoka nayo apa, na kule muganga wa kliniki ya karibu alikuwa anaifikiria ni grip juu ilikuwa mwezi ya 7 na bantu bote beko na grip. Saa nane ya usiku ilibidi nimupigie tu ule binamu. Alikuya na pijama na manto juu, akawaambia "huyu ametoka Congo, pimeni malaria". Akaninunulia na chungwa. Hakunigombeza ata siku moja, na ile njo iliniuma zaidi.

Ongezeni hii mu kichwa: kama umetoka kwetu na uko na homa mu inchi ya baridi, wewe mwenyewe useme neno malaria, usingoje muganga akumbuke.

Mama_wa_Kisanga

Papa Katuba hii ya malaria ni kweli na asante. Lakini binamu moja Yeoville haiko sawa na nyumba kumi na moja za Belgique 😂

Baba_Mapacha

Joburg muko munaitaja sawa vile haiko baridi. Wacha niseme.

Tulienda mwezi ya 7, batoto bafunga masomo, miye, bibi, mapacha bawili ya miaka tisa. Ili tupunguze franga nikasema twende na bisi. Kosa. Kasumbalesa peke yake ilitukula nusu siku, kisha Zambia yote, kisha Zimbabwe, mupaka ya Beitbridge usiku batoto banalala juu ya mizigo. Zaidi ya kilometa 2000. Konji ilikuwa siku nane, kwenda na kurudi ilikula siku tano, tukabaki na siku tatu na miguu imevimba. Kama ni siku kidogo pandeni ndege ao mubaki ku nyumba, katikati hakuna.

Baridi sasa. Ile muji iko juu, karibu meta 1750, shiye apa tuko ku 1200 hivi. Mchana jua kali, mbingu safi hakuna ata wingu, unavua koti. Jua ikienda tu, inashuka mupaka nne, tatu, siku zingine asubuhi majani iko nyeupe. Na manyumba yabo hayana shofaji! Njo ile yenye ilinishangaza. Bulaya inje ni baridi ndani ni moto, Joburg inje jua na ndani ni frigo. Tulipanga nyumba muzuri kabisa mu picha, sakafu ya mawe, madirisha makubwa, usiku ya kwanza tulilala bane mu kitanda moja na koti. Kesho yake nikanunua kamashini ka kupasha moto, nikafika nayo, prizi yabo iko na meno tatu manene ya muviringo, yangu haiingie, nikarudi tena kutafuta adaptere. Mbele ya kulipa nyumba kule mwezi ya 6 na ya 7, uliza: kuko kitu ya kupasha moto? Blanketi ngapi?

Kupumzika tulipumzika siku moja tu na haikupangwa. Tulipanda Gautrain, ile treni ya mbio balifungua 2010 wakati ya Kombe ya dunia, na batoto balipenda treni kupita kwenye ilikuwa inaenda. Tukaipanda tena. Mangaribi tukaenda Constitution Hill, gereza ya zamani, Gandhi alifungwamo, Mandela alifungwamo, na leo njo kuko tribinali kubwa ya Katiba. Sehemu moja ya gereza balibomoa, matofali yake bakajengea tribinali, ngazi za gereza bakaziacha zimesimama vile vile. Mutoto mumoja akaniuliza "baba, kwa nini hawakutupa yale matofali?" Nikamwambia tuende tukule.

Soweto tulienda ku Vilakazi, barabara ya Mandela na Desmond Tutu. Tulipita mbio juu ya bisi ya kurudi. Hii njo inaniuma.

Mutoto_wa_Kenya

Miye natoka Kenya. Komini Kenya, Lubumbashi. Nilienda Kenya. Inchi.

Ku airport bakaniuliza unatoka wapi, nikasema Kenya. Unaenda wapi, Kenya. Unaishi wapi, Kenya. Ule bwana akaweka kalamu chini 😭😭

Nairobi mwezi ya 7, musicheke, ni baridi. Haiko baridi ya kuuwa, 12 hivi asubuhi, lakini jua haionekane, wingu siku yote, bantu wote na majaketi na kofia. Niliambiwa ni Afrika ya jua nikaleta mashati. Nikanunua jaketi ku mutumba, muzuri kabisa, njo navaa mupaka leo.

Sasa sikieni. Nilipanga niende ile parke ya banyama iko karibu na muji kabisa, iko pale tangu 1946, twiga anasimama na nyuma yake unaona magorofa. Dereva akaniambia mu simu "kesho tukutane saa kumi na mbili". Miye nimezoea saa ya kifaransa, mu kichwa yangu 12h ni 12h. Nikalala. 12h ya mchana natoka, nimeoga, nimependeza, dereva hakuna. Kumbe saa kumi na mbili yabo ni 6h ya asubuhi, mutu alikuwa alifika mu giza akapiga simu mara saba na simu yangu ilikuwa imezimwa. Nikamulipa nusu juu alifanya kazi yake, kosa ilikuwa yangu.

Sasa sina parke, sina programu. Mama ya mapokezi ya otele asema nenda Karura utembee. Ni pori katikati ya muji, ile yenye Wangari Maathai alipigania 1999 wakati balitaka kukata bajenge. Nilitembea saa tatu. Ukungu, miti, kimya, bantu banakimbia banakusalimia. Nikaikala chini nikakula mahindi ya kuchoma. Mu siku zote nne, kama unaniuliza nini nakumbuka, ni ile siku nilikosa saa.

Yaya Bel Air, programu weka moja, kisha uikose.

Binti_wa_Ziwa

Nabinua mada kidogo, bantu ba Lubumbashi. Muko munatafuta miji ya baridi mbali na huyu muji wenu wenyewe uko baridi. Miye ni mutu wa Kalemie, tuko ku Tanganyika, kule blanketi ni ya wageni. Kwetu Lubumbashi njo muji mukubwa. Nilikuya mwezi ya 7, siku tano, kwa shangazi yangu mu Kamalondo.

Asubuhi ya kwanza nilipiga pumzi nikaona moshi inatoka mu kinywa nikajua naungua ndani. Nilivaa vitenge bitatu. Shangazi alicheka mupaka akaikala chini. Akanipeleka ku salaula tukanunua pulovere na soseti za sufu, kisha akaniambia maneno yenye mukumbuke na nyinyi: mbabula, ile jiko ya makala, usiingize mu chumba ya kulala ukafunga dirisha. Makala ikiwaka inatoa hewa yenye haina harufu na haina rangi, unalala unajisikia vizuri tu, na hauamuke. Kila mwaka wakati ya baridi kuko bantu hivi. Upashe moto inje, ao mulango wazi, ukienda kulala mbabula inabaki inje.

Na nilipumzika mimi! Asubuhi munkoyo na mikate ku jua, nyuma ya ukuta kwenye upepo haufike. Siku moja zoo, siku moja Kipopo ku maji (nikakuta ni kaziwa, nikanyamaza kwa heshima). Siku ya mungu tulienda ku uwanja wa Mazembe, uko pale pale Kamalondo, ile makelele ilinipasha moto kupita pulovere. Hatukushinda mu teksi ata siku moja. Nyie munatafuta kupumzika ndege mbili mbali na hamujaikala ku jua ya asubuhi ya kwenu.

Mwana_Bel_Air

Binti wa Ziwa umenipiga na mangumi lakini tike nimelipa 😅

Nadège_ya_Golf

Mumesema muji, mumesema famili, viatu hakuna mwenye alisema. Baridi ya Bulaya inaingilia chini. Nilikuwa Paris mwezi ya 1, siku nne, na manto ya bei kali na viatu vya kisigino vya ngozi nyembamba. Saa moja inje, manto iko moto, miguu siisikie tena. Na mawe ya njia ikiloa inateleza, nilianguka mbele ya kafe imejaa bantu, muzee mumoja akaniinua asema "bienvenue". Nunua viatu vya soli nene yenye inashika chini, namba moja juu ya yako ili soseti mbili ziingie. Juu ya mwili, nguo nyepesi tatu inashinda koti moja nzito, juu ndani ya metro na maduka ni moto sana na lazima uvue kitu, na kama uko na koti nzito moja na kashati ndani, unatoka jasho kisha unatoka inje na ile jasho, njo baridi inakukamata.

Kingine: muangalie siku za kufunga. Louvre inafunga mardi, Orsay inafunga lundi. Miye nilifika Louvre mardi, na bantu bengine mingi kumbe, tuko tunaangaliana pale mbele ya ile piramide ya vioo. Basi nikapanda metro laini ya 6 kutoka mwanzo mupaka mwisho, sehemu zingine inapita juu, inavuka Seine unaona Tour Eiffel ku dirisha, umeikala, uko moto, bei ya tike moja tu. Nikashuka nyuma Château Rouge nikapata pondu na samaki ya kukausha na mama mumoja wa Likasi mwenye alinipigia hadisi ya saa mbili. Nilienda Paris kutafuta Paris nikakuta Likasi, na sikuwa na kinyongo.

Kadogo_Viza

Kwa bale habajapata viza bado: muombe mapema, inakubaliwa mupaka miezi sita mbele, na haiko chini ya siku 15. Asiransi ya safari ya Schengen lazima ifunike si chini ya euro 30 000. Kaka yangu alinunua ya bei chini yenye haikufika, bakamurudisha na dosie yote.

Niko_Ixelles

Nasoma tangu juzi nanyamaza, leo niseme juu munatusema sana shiye ba huku.

Munafikiri tunawangoja na mizigo? Ndugu zangu, siku ya mungu yenyewe huku njo siku moja tuko nayo. Ukinipigia umefika, nitafurahi kabisa, nitapika, lakini na miye nilikuwa nataka kulala 😂 Hapana kutuogopa. Shida ni kama munakuya nyumba ku nyumba. Fanyeni hivi: siku ya mwisho, siku ya mungu mangaribi, mutupigie WOTE, mutuambie tuko Matonge, ile kartie ya Bakongomani, Porte de Namur, pahali fulani, masaa fulani. Mwenye kupenda akuye. Tunakula pamoja mara moja, kila mumoja analipa yake, salamu zote zinaisha mu saa tatu. Mubapitishe batoto ku ile place Lumumba iko pale pembeni, balifungua 30 mwezi ya 6 ya 2018, picha moja, mwisho.

Otele: upande wa mabiro ya Umoja wa Ulaya siku za kazi bei iko juu, wikendi bale bakubwa banarudi kwabo na bei inashukaka. Na saa, wakati ya baridi tuko nyuma yenu saa moja. Hapana kutupigia 6h yenu.

Petit_Vieux_Katuba

Hii ya Matonge naikubali. Baba mudogo anaambiwa, na konji inabaki.

Mama_wa_Kisanga

Na miye naikubali. Lakini amwambie siku ya MWISHO. Si ya kwanza.

Mwana_Bel_Air

Sawa sawa. Nimejadili na bibi. Tunamwambia baba mudogo siku ya ine, tunakutana siku ya tano Matonge. Siku tatu za mbele hatuko mu Belgique. Mizigo hakuna, nimewaambia famili nakwenda Kolwezi ya kazi, Mungu anisamehe. Viatu nimenunua. Programu iko kitu moja ku siku, bibi amesaini.

Mwana_Bel_Air

Bonane ku wote. Nimerudi, na kama nilivyoahidi naleta.

Siku ya kwanza: bibi alilala masaa kumi na moja mufululizo. Nilimuangalia, nikaangalia dirisha, nikalala tena na miye. Mangaribi tulizunguka Grand-Place, taa, basi.

Siku ya pili: hatukufanya kitu. Nawaapia. Tulinunua mikate na fromaji tukakula mu chumba na mvua inapiga ku dirisha, tukaongea mambo hatukuongea tangu batoto bazaliwe. Miye nilikuwa naogopa tutaangaliana. Tuliangaliana. Ilikuwa muzuri.

Siku ya tatu tukasema twende Tervuren vile Mama wa Kisanga alisema. Tramu 44, ku Montgomery, tunaingia, kuko joto, tunaikala nyuma, bibi anaweka kichwa ku bega yangu, pori inaanza, miti mirefu haina majani. Nikasema kumbe njo hii.

Kituo inayofuata anaingia muzee mumoja na manto ya kijivu na kofia ya manyoya na mufuko ya supermarshe. Anatafuta kiti. Anageuka.

Bibi alijua mbele yangu, nilisikia mukono yake inashika mukono yangu kwa nguvu. Baba mudogo alituangalia murefu. Tramu ilianza tena, akashika chuma asianguke. Sikuweza ata kusimama. Akakuya pole pole, akaikala mbele yetu, akaweka mufuko juu ya magoti, akauliza:

"Mulifika lini?"

Na bibi yangu, mwanamuke wa kanisa, mwalimu wa batoto ba siku ya mungu, akajibu bila kupepesa: "Asubuhi ya leo, baba. Tuko tunakuya kwako."

"Kwangu ni upande ingine," akasema baba mudogo.

Mama_wa_Kisanga

🙆🏾‍♀️🙆🏾‍♀️ Na kaburi saba, mulifika?

Mwana_Bel_Air

Tulifika, mama. Na yeye. Njo kwenye alikuwa anaenda, asema kila mwezi ya 12 anaendaka kuweka maua. Mule mu mufuko ya supermarshe kulikuwa maua.